Nilimsingizia Mbuzi

Kwa miezi miwili na siku kadhaa sikusemezana na jirani yangu. Hatukugombania mpaka, hakuna aliyekopa akakataa kulipa, wala watoto hawakupigana. Tulikosana kwa sababu ya sukuma wiki, na kosa lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho.

Nilirudi Voi mwaka 2021, duka nililokuwa nauza Mombasa lilipofungwa. Ploti aliyotuachia marehemu baba iko chini ya kilima cha Sagalla, pale nyumba zinapokwisha na kichaka kinapoanza. Mama alikuwa anaishi peke yake na kuku watano. Nikachimba matuta manane, nikapanda miche 120 ya sukuma, mchicha, kunde pembeni, viazi vitamu, na mihogo nyuma ya jiko. Wanaoijua Voi hapo watanicheka. Kwetu mvua ya kutegemewa angalau kidogo ni ya vuli, Novemba na Desemba. Ile ya masika huja ikijisikia. Miezi mingine yote nilimwagilia kwa mitungi ya lita ishirini niliyoletewa na mkokoteni, na maji ya kuoshea vyombo yakawa mali. Mgeni aliyeyamwaga nje ya tuta alisikia sauti ya Mama.

Sasa ichukulie hali ya mwezi wa tisa. Kichaka chote kimekuwa rangi ya kahawia, mgunga umebaki miiba, na katikati yake kuna kipande cha kijani kibichi kinachonukia maji. Leo nikikumbuka naona nilikuwa kama mtu aliyewasha taa usiku kucha, kisha akauliza kumbikumbi wametoka wapi.

Asubuhi ya kwanza ziliondoka sukuma tisa. Hazikung'olewa. Majani yalikuwa yameliwa, vikonyo vimebaki vimesimama, na kila kikonyo kilikuwa na ncha iliyochanika chanika. Nilikatazama kamoja nikasema huyu ni mbuzi. Jirani yangu, mama mtu mzima mwenye umri wa kunizaa, anafuga mbuzi saba, na kila jioni wanapita kando ya ploti yetu wakirudi nyumbani. Sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilikwenda hadi mlangoni kwake kabla hata sijanawa uso.

“Mama, mbuzi wako wamenimalizia mboga.”

“Mwanangu, mbuzi wangu wanalala ndani, na mlango nafunga mwenyewe. Wewe uliwaona?”

“Sina haja ya kuwaona. Nimeona meno yao.”

Hayo maneno nayakumbuka vizuri mno. Aliniangalia kitambo, akajifunga kanga yake upya, akaingia ndani. Tangu siku hiyo tukawa tunapishana njiani kama magari.

Nikajenga uzio wa kuzuia mbuzi. Nilikata matawi ya mgunga, nikayapanga kuzunguka matuta, kimo cha kiuno, miiba ikitazama nje. Mikono yangu ilichanika hadi nikashindwa kukanda unga. Mbuzi mzima angefika pale akageuka. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Kulipokucha zilikuwa zimeliwa nyingine kumi na nne.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa mtaani kwetu, sote tunamwita Babu, aliyewahi kuchunga ng'ombe kwenye ranchi za upande wa Taita miaka mingi. Alipita kuazima jembe. Nikamwamkia, nikamlalamikia. Hakusema kitu. Alichuchumaa kwenye tuta, akachuma kikonyo kimoja, akakipeleka karibu na jicho.

“Ulisema mbuzi?”

“Ndiyo Babu. Tazama alivyorarua.”

“Amerarua kweli. Mbuzi hana meno ya mbele ya juu, ana ufizi mgumu tu. Hakati. Anabana jani, anavuta, ndiyo maana linaacha nyuzi. Angekuwa sungura, hapa pangekatwa mshazari, safi, kama kwa mkasi.” Akanyamaza kidogo. “Lakini mjukuu wangu, ni mbuzi peke yake asiye na meno ya juu?”

Ng'ombe hana. Kondoo hana. Swala wote hawana, kuanzia pofu mkubwa hadi yule mdogo kabisa. Ningefikiri dakika mbili tu ningelijua hilo, maana nimekula vichwa vya mbuzi na ng'ombe tangu utotoni na taya zao nimezitafuna mbele ya macho yangu.

Kisha Babu akauliza swali ambalo sikulitarajia: “Choo chake umekitafuta?”

Tulizunguka ploti pole pole. Nyuma ya mwarobaini, hatua kama ishirini kutoka kwenye matuta, palikuwa na lundo la vinyesi vidogo vyeusi, mamia kwa mamia, vingine vibichi vinang'aa na vingine vimekauka vimekuwa kijivu. Punje moja haikuzidi mbaazi. Mbuzi, Babu alisema, huangusha njiani akitembea, kama mtu aliyebeba maharagwe kwenye mfuko uliotoboka. Huyu anarudi mahali pale pale kila siku. Kando ya lundo, kwenye ncha ya kijiti kikavu, akanionyesha tone jeusi linalonata kama lami. Linatoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Huyo mnyama hupenyeza kijiti pale akapaka, kuwaambia wenzake kwamba hapa pana mwenyewe. Na kwenye vumbi kulikuwa na nyayo: vikwato viwili viwili, vyembamba, ukivifunika kwa kidole gumba vinapotea.

Digidigi. Wengine humwita suguya. Nilikuwa nimewaona tangu utoto, wawili wawili pembeni ya barabara, pua ndefu inachezacheza, macho makubwa kama wamepewa habari mbaya. Sikuwahi kuwaza kwamba kitu chenye uzito wa kilo nne au tano kinaweza kunila mboga ya wiki nzima. Anakaa na mwenzake mmoja katika eneo lao, na maji ya kunywa hayamsumbui kwa sababu anayapata kwenye majani na umande. Mwezi wa tisa mwaka ule, majani yenye maji yalikuwa kwangu tu. Uzio wangu wa miiba ulianzia shibiri moja juu ya ardhi. Kwa mbuzi ulikuwa ukuta. Kwa digidigi ulikuwa mwavuli.

Nilikwenda kwa jirani na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Nilikuwa nimejipangia maneno marefu. Alifungua mlango, akaitazama ile sukari, akasema, “Uliona meno yao, eh?” Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hiyo alinipa magunia mawili ya samadi ya wale mbuzi saba, na bado ananipa.

Baada ya hapo ushauri ulikuja kutoka kila upande. Kijana mmoja aliniambia nitege tanzi, nipate na kitoweo. Nikamwambia Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo na mwenye mtego. Mimi sina nia ya kulala korokoroni kwa sababu ya sukuma. Mwingine akapendekeza sumu. Huyo sikumjibu. Kuku wetu wanazurura na mbwa wa mtaa mzima wanapita hapo.

Nilitundika kanda na sidi za zamani za injili zinazometameta. Digidigi walishtuka usiku mmoja. Nilitawanya vipande vya sabuni, panya wakavila. Nilichemsha pilipili kichaa kilo nzima, nikachuja, nikachanganya na sabuni ya maji kidogo ili ishike, nikanyunyiza. Hiyo ilifanya kazi, sitaki kusema uongo. Siku kumi na moja hawakugusa kitu. Kisha manyunyu ya kwanza ya vuli yakaiosha yote usiku mmoja. Kabla ya hapo Mama alikuwa amechuma sukuma bila kuniuliza, akaziosha mara moja tu, akapika. Jioni ile tulikula ugali na machozi.

Kilichonisaidia ni waya wa kuku, na kilisaidia kwa sababu safari hii nilijua namjengea nani. Digidigi hafiki goti lako, hana desturi ya kuruka kitu kirefu anapoweza kupenya chini, kwa hiyo urefu wa mita moja ulitosha. Pesa zote niliziweka chini badala ya juu. Nilichagua waya wenye matundu madogo, nikauchimbia, nikakunja ncha yake ya chini kuelekea nje kama herufi L, nikaifukia kwa udongo na mawe. Mnyama akija huanza kuchimba pale pale uzio unapogusa ardhi. Akikuta waya umelala chini ya kwato zake, hana akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia huko. Wengi hawana, angalau.

Binamu yangu anaishi Minnesota, kule Marekani, na ana bustani yake nyuma ya nyumba. Nilipomtumia picha ya uzio alinicheka. Kulungu wa kwao wana mikia myeupe kwa chini, wakubwa kuliko mbuzi dume, na uzio wa kuwazuia unatakiwa ufike futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu, maana wa chini ya hapo wanauruka. Alinitumia picha ya maua yake yaliyoliwa. Nikaivuta ikawa kubwa kwenye simu, nikatazama ncha za vikonyo: zimechanika chanika vile vile. Nikamwandikia, “Huyo hana meno ya juu.” Akauliza nimejuaje. Nilijisikia daktari.

Lango ndilo lililonitesa. Uzio mzuri una udhaifu mmoja na mtu mmoja. Udhaifu ulikuwa nafasi chini ya lango, ambayo niliiziba kwa jiwe refu la kizingiti. Mtu alikuwa Mama, ambaye kwa miaka sabini hajafunga lango la shamba na hakuona sababu ya kuanza. Alfajiri moja nilikuta digidigi dume, vipembe vyake vikiwa wima kama misumari miwili, yumo ndani. Aliponiona akaingiwa na wazimu, akawa anajirusha kwenye waya huku na huku, anatoa ule mlio wa puani, zik-zik, hadi nikaogopa atajivunja shingo. Nilifungua lango wazi, nikaondoka, nikaenda kuwasha jiko. Niliporudi na chai hayupo. Nawashauri hivyo hivyo: ukimkuta ndani, usimfukuze. Mwachie njia, umpe mgongo.

Wiki ya tatu ya amani, mihogo ikaanza kulala chini. Shina limetafunwa kwenye kisigino, udongo umefukuliwa, mizizi imeliwa nusu. Safari hii sikwenda kwa jirani yeyote. Nilitafuta, nikapata mwiba mmoja, mweusi na mweupe, urefu wa kalamu, umenasa kwenye waya. Nungunungu. Alikuwa amechimba akapita chini kabisa, na pale alipochoka kuchimba alisukuma tu, waya wa kuku ukakubali. Yeye na digidigi hawajengewi kitu kimoja. Kuzunguka mihogo na viazi nilizamisha mabati chakavu, futi moja na nusu ndani ya ardhi, nikayaegemeza mawe. Ilinichukua siku nne na mgongo wangu haujasahau. Hajarudi, au amerudi akakuta kelele ya bati si tamu.

Kuhusu tumbili sina la kujisifia. Wanakuja mchana, saa tano, wanapanda waya kama ngazi, na hawali kwa njaa: wanachuma papai, wanang'ata mara moja, wanalitupa. Nitakachowaambia ni kwamba wanamtazama mtu kabla ya kukimbia. Mwanamume akitokea wanapotea. Mimi nikitokea, nikiwa na kanga na jiwe mkononi, dume lao lilikuwa linakaa juu ya nguzo linanitazama kama mteja anayesubiri chenji. Kwa hiyo nikavaa koti la marehemu baba na kofia yake, nikatembea kwa hatua ndefu. Siku ya kwanza walikimbia kwa vilio. Siku ya pili pia. Siku ya tatu lile dume lilibaki, likainamisha kichwa, likanichunguza kuanzia kofia hadi ndala, na nadhani ndala ndizo zilizoniponza. Mama alisema baba angekuwa hai angenidai koti lake. Siku hizi mapapai nachuma yakiwa yameanza tu manjano, nayaivisha ndani kwenye unga, na bustanini naacha mboga ambazo hazina utamu wa kuwaita.

Mtu wa Voi akiandika habari za wanyama waharibifu bila kutaja tembo, watu wa kwao watamwona mwongo. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu tembo 36,280 nchini, na Tsavo, hifadhi inayopakana nasi, ndiko waliko wengi zaidi. Kwangu wamefika mara moja tu, kiangazi, usiku, na hawakuja kwa ajili ya sukuma. Walinusa maji kwenye tangi. Tulisikia kwanza mbwa, kisha mbwa wakanyamaza, kisha kishindo cha plastiki kupasuka. Tulikaa ndani na Mama tumezima taa, tumeshikana mikono, tunasikiliza lita elfu moja zikinywewa na nyingine zikimwagika. Waya wa kuku waliupita bila kuuona. Asubuhi ulikuwa umelala chini kama uzi.

Kwa tembo sina uzio. Lakini shangazi yangu, kule juu Sagalla, anao, nao ni wa nyuki. Mzinga unaning'inizwa kati ya nguzo mbili, hatua kumi mbele mwingine, na yote inaunganishwa kwa waya mmoja kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na wenyewe wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, ila si kandokando ya macho wala ndani ya mkonga, na nyuki wetu wa Afrika wanajua pa kwenda. Aliyeifanyia kazi mbinu hii kwa miaka mingi ni mtafiti Lucy King, akiwa na shirika la Save the Elephants, na hapo Sagalla ndipo palipokuwa shamba lake la majaribio. Matokeo ya miaka tisa yalitolewa mwaka 2024: msimu mazao yanapokuwa yamesimama, hadi asilimia 86 ya tembo waliousogelea uzio waligeuka.

Shangazi anaipenda, lakini hampambii mtu. Ukame wa 2017 uliwakausha nyuki wengi Sagalla, mizinga ikabaki mitupu, na mzinga mtupu ni sanduku tu. Unataka maua, unataka maji karibu, unataka mtu wa kusafisha na kukarabati. “Nyuki ni kama mlinzi wa mshahara,” aliniambia akiwa anakamua asali jikoni, vidole vimemnata. “Usipomlisha anahama, na hakuagi.” Sehemu ya shamba iliyo karibu na kichaka ameacha mahindi, amepanda ufuta, maana tembo hana hamu nao. Nilimuuliza kama nyuki wanazuia digidigi. Alinitazama kama nimeuliza kama mwavuli unazuia mchwa.

Niliufunga waya upya baada ya tembo, nguzo zile zile. Wale digidigi wawili bado wapo. Choo chao cha nyuma ya mwarobaini kilibaki ndani ya uzio, kwa hiyo wamefungua kingine kwa nje, kwenye nguzo ya pembeni kabisa, na dume hupaka lami yake kwenye ncha ya waya wangu. Kwa hesabu zake, nadhani, uzio ni wake na mimi ndiye niliyefungiwa.

Juzi, kabla jua halijatoka, jirani aliniita kutoka upande wake. Amepanda kunde msimu huu, mistari sita mizuri, na mistari miwili ilikuwa imeliwa.

“Mwanangu, njoo uniangalizie meno.”

Nikaruka mtaro nikaenda. Nilichuchumaa kama Babu alivyofanya, nikachuma kikonyo, nikakipeleka karibu na jicho. Kimechanika chanika. Nikatafuta lundo, hakuna lundo. Nikatafuta vikwato vidogo, hakuna. Kilichokuwepo ni punje kubwa kubwa zilizotawanyika njiani, moja hapa, tatu pale, kuanzia kwenye kunde, kupita jikoni, hadi kwenye mlango wa banda lake, ambao kamba yake ilikuwa imetafunwa.

“Mama,” nikasema, “naomba unisamehe mapema.”